Picha za Ukutani: Tuzishike Bila Kuzibandika

Ukiingia katika sebule nyingi za kwetu, kabla hujakaribishwa kiti macho huenda ukutani. Hapo ipo picha ya arusi, ya ubatizo wa mtoto wa kwanza, ya binti siku ya mahafali, na juu yao wote babu na bibi wameketi studio, mikono imewekwa magotini, hawacheki. Mgeni huzitazama huku akisubiri chai. Watoto nao hujifunza ukoo wao hapo hapo: huyu ndiye mzaa baba, huyu ndiye shangazi uliyerithi jina lake.

Sisi tulio katika kazi ya uuguzi tunazifahamu picha hizo kwa upande mwingine pia. Mtu anapofariki, moja ya mambo ya kwanza ambayo jamaa hutafuta ni picha ya kuweka mbele ya jeneza. Fremu hushushwa ukutani, misumari ya nyuma hung'olewa, na mara nyingi ni saa ile ya machozi ndipo watu wanapogundua kwamba picha imegandamana na kioo, au imeingia ukungu, au uso wa marehemu umefifia hata hautambulikani vizuri. Nyingine hakuna. Kwa mjane, na zaidi kwa mtoto aliyefiwa na mama kabla hajaweza kumkumbuka sura, hasara hiyo huwa kama msiba wa pili.

Linaloumiza zaidi ni kwamba picha nyingi haziharibiwi kwa kutojaliwa. Huharibika kwa sababu ya kupendwa. Mwenye nyumba aliibandika kwa gundi ili isiteleze, akaikandamiza kwenye kioo ili isishike vumbi, akaitundika penye mwanga ili kila mtu aione. Yote matatu aliyafanya kwa nia njema, na yote matatu yaliidhuru.

Mwezi huu, basi, tuzungumze juu ya kuiweka picha katika fremu. Kanuni kubwa ni moja, na mengine yote yanaifuata: tusiifanyie picha jambo lolote ambalo kesho haliwezi kutenguliwa. Picha ishikwe, isibandikwe.

PICHA NI KITU GANI

Tukijua mgonjwa wetu ni nani tutajua namna ya kumhudumia. Picha ya kawaida iliyosafishwa kwa dawa studio ina tabaka. Chini ni karatasi. Juu ya karatasi kuna utando mwembamba wa jelatini, kitu kinachotengenezwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, ndugu wa ile jeli tunayowatengenezea watoto. Sura ya mtu imo ndani ya utando huo, haimo katika karatasi.

Katika picha za rangi nyeusi na nyeupe, sura hiyo imefanywa kwa chembechembe ndogo sana za fedha. Ndizo picha ambazo wazee wetu walipigwa katika studio za miji yetu, kama Capital Art Studio ya Zanzibar iliyoanzishwa mwaka 1930. Zikiwa zilisafishwa vizuri, picha hizo ni imara kuliko wengi wanavyodhani. Zipo ambazo zimepita miaka 80 na bado nyuso zinaonekana kama jana.

Picha za rangi ni nyonge zaidi. Sura yake imefanywa kwa rangi tatu, yaani manjano, nyekundu ya zambarau na buluu ya kijani, na rangi hizo hazififii kwa mwendo mmoja. Ndiyo maana picha nyingi za miaka ya 1970 leo zimekuwa nyekundu-nyekundu: ile buluu imekwisha, nyekundu imebaki. Zilizochapwa kwa wino wa mashine za kompyuta nazo hutofautiana. Nyingine hudumu miaka mingi, nyingine hufifia upesi, na nyingi zikiguswa na tone la maji wino hutawanyika.

Jambo la kukumbuka ni huo utando wa jelatini. Hewa ikiwa na unyevunyevu mwingi, utando huvimba na kuwa laini, karibu unate. Hapo kitu chochote kinachougusa hushikamana nao.

MAADUI WATANO

Adui wa kwanza ni kioo chenyewe. Picha ikiegemea kioo moja kwa moja, unyevu hunaswa kati yao, hasa majira ya masika na katika miji ya pwani kama Mombasa, Tanga na Dar es Salaam. Jelatini hulainika na kujiambatisha na kioo. Jua likirudi hukauka pale pale. Dalili yake ni mabaka yanayong'aa kama yamelowa maji, yanayoonekana kupitia kioo.

Adui wa pili ni asidi. Kadibodi za bei rahisi, hadibodi, plaiwudi na karatasi za magazeti hutokana na mti, na ndani yake mna vitu vinavyozaa asidi kadiri miaka inavyokwenda. Sote tumeona gazeti lililoachwa dirishani linavyogeuka rangi ya chai na kuvunjika kama mkate mkavu. Asidi hiyo haikai ndani ya kadibodi. Huhamia kwenye picha iliyoilalia. Ukifungua fremu ya miaka 20 na kukuta mstari wa kahawia kandokando ya picha, hiyo ndiyo alama yake.

Adui wa tatu ni gundi pamoja na utepe wa selotepu. Sisi wauguzi tunajua plasta iliyokaa muda mrefu inavyotoka na ngozi. Selotepu kwenye picha hufanya hivyo hivyo. Kwanza hushika vizuri, kisha gundi yake huyeyuka kwa joto, hupenya karatasi na kuacha doa la njano lisilotoka. Gundi ya mbao na gundi kali za mpira ni mbaya zaidi, maana hukakamaa na kuikunja picha.

Adui wa nne ni mwanga. Kama vile kitenge kinachoanikwa juani kila siku hupauka, ndivyo picha ya rangi inavyopauka, ila picha haina kitenge kingine dukani. Mwanga wa jua ndio mkali zaidi, lakini hata taa inayowaka karibu usiku na mchana hula rangi polepole. Kilichofifia hakirudi.

Adui wa tano ni unyevu pamoja na wageni wake. Hewa ikikaa na unyevu unaozidi kiasi cha asilimia 65 kwa siku nyingi, ukungu huota, na chakula chake ni ile jelatini. Huja pia mende, mchwa na wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaopenda karatasi na gundi ya wanga. Mchwa wakipanda ukutani nyuma ya fremu, utawagundua wakiwa wamekwisha kula nusu ya babu.

KADI YENYE DIRISHA

Dawa ya maadui watatu wa kwanza ni moja, na si ya ajabu. Ni kadi nene iliyokatwa tundu la mstatili katikati, ambayo huwekwa juu ya picha kabla ya kioo. Hapa tutaiita kadi ya dirisha. Wengi huidhani ni pambo. Ni kweli huipendeza picha, kwa kuwa jicho hupata mahali pa kupumzika kati ya ukuta na uso wa mtu. Lakini kazi yake kubwa ni kuweka nafasi. Unene wa kadi, kwa kawaida kama milimita moja na nusu, hukizuia kioo kisiiguse picha, na hewa hupata pa kupita. Kwa nyumba za pwani tunashauri kadi mbili zipandane, ili nafasi iwe milimita 3 hivi.

Kadi bora kuliko zote hutengenezwa kwa pamba tupu. Inayofuata ni ile iliyotengenezwa kwa mti na kusafishwa, na huandikwa kwamba haina asidi. Katika miji mikubwa huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya uchoraji. Bei yake si ndogo, lakini kipande kimoja kikubwa hutosha picha kadhaa.

Asiyeipata asikate tamaa. Anaweza kutumia kadi nyeupe nene ya kawaida, mradi kati ya kadi hiyo na picha aweke karatasi safi isiyo na asidi, mbele na nyuma. Karatasi nyingi za kuchapia za siku hizi hazina asidi, na pakiti yake husema hivyo. Kadi ya namna hii ibadilishwe kila baada ya miaka michache, kama tunavyobadilisha kitambaa cha kidonda kabla hakijachafuka. Karatasi za manila za rangi kali, nyekundu au zambarau, tusizitumie, kwa maana zikipata unyevu rangi yake humwagikia picha. Nyeupe ya maziwa hupatana na picha karibu zote.

KUIANDAA NYUMBANI

Kazi hii yaweza kufanywa mezani jikoni, alasiri moja, watoto wadogo wakiwa wamelala au wako kwa jirani, maana kuna kisu kikali. Tayarisha rula ya chuma, penseli, kisu cha kukatia karatasi chenye wembe mpya, mkasi, kadi mbili na kitambaa safi cha pamba. Futa meza, ikauke. Nawa mikono kwa sabuni na uikaushe kabisa, usipake mafuta wala losheni, maana jasho na mafuta ya vidole huacha alama ambazo huonekana baada ya miaka. Mwenye glavu safi za pamba azivae. Picha ishikwe kingoni, isiguswe usoni.

1. Vipimo. Tuseme picha yako ni sentimita 20 kwa 25, na fremu yako kwa ndani ni sentimita 30 kwa 40. Dirisha liwe dogo kuliko picha kwa milimita 5 kila upande, yaani sentimita 19 kwa 24, ili kadi iishike picha kandokando. Pande za kushoto na kulia zitabaki na sentimita 5 na nusu kila mmoja. Juu na chini zimebaki sentimita 16 za kugawana. Usizigawe sawasawa: juu weka 7 na nusu, chini 8 na nusu. Picha iliyo katikati kabisa huonekana kama inataka kuteleza. Ikiinuliwa kidogo, jicho huridhika.

2. Kukata. Kata kadi zote mbili zienee ndani ya fremu kwa kuacha nafasi ya milimita 2 hivi, kwa sababu kadi hutanuka wakati wa mvua na ikibanwa hujikunja. Kwenye moja ya kadi chora dirisha upande wa nyuma kwa penseli. Weka chini yake kadi chakavu, shikilia rula kwa nguvu, na pitisha kisu mara mbili au tatu kwa wepesi badala ya mara moja kwa nguvu. Simama penye kona, usivuke. Mafundi hukata ukingo kwa mshazari, na kweli hupendeza, lakini mkato ulionyooka si kosa.

3. Kuunganisha. Laza kadi mbili zikitazamana juu kwa juu kama kitabu kilichofunguliwa, uziunganishe kwa utepe wa karatasi, ule unaoloweshwa ndipo ushike. Mafundi wa kujalidi vitabu huwa nao. Sasa kadi ya dirisha hufunguka na kufunga kama jalada.

4. Pembe. Hapa ndipo picha inaposhikwa bila kubandikwa. Akina mama wengi wanavikumbuka vile vipembe vya karatasi vya albamu za zamani. Tutavitengeneza. Kata vipande vinne vya karatasi isiyo na asidi, upana sentimita moja na urefu sentimita 4. Kila kipande kikunje mkono wa kushoto na wa kulia kuelekea chini, vikutane katikati, upate kijifuko cha pembetatu. Vivalishe vifuko hivyo kwenye kona nne za picha, upande laini ukiwa mbele na mikunjo ikiwa nyuma.

5. Kuiweka. Laza picha juu ya kadi ya nyuma, funika kadi ya dirisha, isogeze taratibu mpaka ikae sawa, kisha fungua tena bila kuitikisa. Weka kipande kidogo cha utepe wa karatasi juu ya ncha ya kila pembe. Utepe uguse kipembe na kadi tu. Picha usiiguse hata kidogo. Kipembe kikichungulia dirishani, kipunguze kwa mkasi upande wake wa mbele. Picha iachwe ikiwa na nafasi ya kupumua kidogo ndani ya pembe zake, isikazwe. Siku yoyote ukitaka kuitoa, utaichomoa ilivyo, bila doa.

6. Kufunga. Safisha kioo pande zote mbili na kikauke vizuri. Mpangilio kutoka mbele ni huu: fremu, kioo, kadi ya dirisha, picha juu ya kadi yake, kisha mgongo wa hadibodi. Kati ya kadi ya nyuma na hadibodi ongeza karatasi isiyo na asidi. Piga misumari midogo, halafu ziba mgongo wote kwa karatasi ili vumbi na wadudu wasipenye. Kabla ya kuziba, andika kwa penseli nyuma ya kadi, si nyuma ya picha: majina ya walio pichani, mahali, na mwaka. Kalamu ya wino huchoma mpaka upande wa pili. Picha ya watu wasiojulikana tena majina haina kwao.

Kuna wanaonunua pia picha za sanaa, labda Mlima Kilimanjaro alfajiri au mashua za Lamu. Kanuni ni ile ile, isipokuwa kama mpiga picha ametia sahihi yake chini ya picha. Hapo dirisha liwe kubwa kuliko sura kidogo, sahihi ionekane. Mkato wa kuficha jina la mtu si heshima kwa kazi yake.

KAMA TUNAKWENDA KWA FUNDI

Wengi wetu hatuna nafasi ya kukata kadi, na mafundi wa fremu ni watu wa kazi nzuri. Lakini fundi hutengeneza kama mteja alivyozoea kutaka: imara, yenye kung'aa, iishe leo. Asipoambiwa vinginevyo, huenda akaibandika picha nzima kwenye ubao, kwa kuwa hivyo hainyanyuki wala haikunjiki.

Kubandika kwa joto, ambako picha hugandishwa kwenye kadi kwa mashine mithili ya pasi, hata mabingwa walikufanya. Mpiga picha mashuhuri wa Marekani, Ansel Adams, aliyeishi kuanzia mwaka 1902 hadi 1984, alizibandika picha zake kwa njia hiyo. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na filamu zake, na angeweza kusafisha picha nyingine. Sisi filamu ya arusi ya mama hatunayo. Kwa picha iliyo peke yake, kubandika kwa joto hakufai, maana kuibandua tena ni kazi ngumu ya hatari.

Kwa hiyo, tunapompelekea fundi picha, tumweleze kwa upole na kwa uwazi: “Fundi, picha hii ni ya pekee. Naomba isipakwe gundi wala selotepu. Naomba isiguse kioo. Usiikate wala usiipunguze kingo zake. Niwekee kadi yenye dirisha, na nyuma karatasi safi kabla ya hadibodi.” Akisema kwamba ishikwe na gundi kidogo tu, mpe vipembe ulivyotengeneza nyumbani. Kwa kawaida fundi akishaelewa sababu huifanya vizuri, na mteja wa pili hamwelezi tena.

PA KUTUNDIKA

Fremu nzuri mahali pabaya ni kazi bure. Tuchague ukuta wa ndani, usiopigwa na mvua kwa nje na usiotazamana na dirisha la jua la jioni. Jikoni, karibu na bafu na juu ya jiko la mkaa si mahali pa picha. Mvuke na moshi huzimaliza. Juu ya televisheni pia si pazuri, kwa sababu ya joto.

Fremu isilale bapa ukutani. Weka vipande viwili vidogo vya mbao au kitambaa kizito nyuma ya kona za chini, hewa ipite. Vipande vya kandambili, ambavyo wengi huvitumia, tuviache, maana mpira una salfa, na salfa hudhuru picha za fedha. Nyumba ikipakwa rangi kwa ajili ya Krismasi, picha zisirudishwe ukutani siku ile ile. Mvuke wa rangi mbichi nao huzidhuru. Zikae kabatini wiki nne hivi, rangi ikauke kabisa.

Kuhusu kimo, katikati ya picha pawe kama sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Mahali ambapo watu huketi, ishushwe kidogo. Watoto nao wanatazama. Unaposafisha kioo, nyunyizia dawa au maji kwenye kitambaa, si kwenye kioo, maana matone hushuka na kuingia chini ya fremu.

IKIWA IMEKWISHA KUGANDA

Mama mmoja wa mtaani kwetu, mjane, alituletea fremu baada ya mvua za masika. Ndani yake mlikuwa na picha ya pekee ya mumewe, na nusu ya uso ilikuwa imeshika kioo. Shemeji yake alikuwa amekwisha kuanza kuibandua kwa wembe pembeni, na palipopita wembe palibaki karatasi nyeupe tupu. Sehemu ya bega ilibaki kwenye kioo.

Katika wodi, bandeji ikishikamana na kidonda tunailowesha kwa maji ya chumvi safi mpaka iachie. Ni rahisi kudhani picha nayo itendewe hivyo. La. Katika kidonda tunailinda ngozi na kuitupa bandeji. Katika picha, kile kinacholoweka na kuvimba ndicho sura yenyewe. Wapo wataalamu wa makumbusho na nyaraka wanaoweza kuijaribu kazi hiyo kwa baadhi ya picha, lakini si kazi ya mezani kwetu.

Tulimshauri hivi, na ndivyo tunavyomshauri kila mwenye shida hii. Usivute. Usiloweshe. Usiitie kwenye friji wala kuianika juani. Iache ilivyo na kioo chake, na kwanza kabisa ipigwe picha kupitia kioo hicho hicho, mchana, kivulini, bila kuwasha mmweko, kitambaa cheusi kikishikiliwa nyuma ya anayepiga ili kioo kisiakisi nguo zake. Kisha kioo na picha vihifadhiwe pamoja mahali pakavu, kama kitu kimoja. Mama yule alipata nakala yenye uso wa mumewe, pungufu bega. Aliishika kwa muda mrefu bila kusema kitu, halafu akauliza kama angeweza kupata tatu, moja kwa kila mtoto.

NAKALA UKUTANI, ASILI SANDUKUNI

Swali lake lina hekima ambayo wenye makumbusho pia huifuata. Picha iliyo moja tu haina lazima ya kukaa ukutani. Siku hizi simu iliyo mkononi mwa kijana wa nyumba yaweza kutoa nakala nzuri, na maduka ya picha huwa na mashine za kunakili zinazoleta matokeo bora zaidi. Nakala ndiyo iwekwe kwenye fremu, ipigwe na mwanga, ibebwe msibani, ipelekwe kijijini. Ikififia, itachapwa nyingine. Ile ya asili ilazwe ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi, kwenye sanduku, mahali pakavu penye giza, juu ya sakafu na mbali na paa la bati. Nakala ya simuni nayo itumwe kwa ndugu wawili watatu, kwa sababu simu huibiwa na kuanguka majini.

Akina mama wa Uganda wametufundisha jambo hapa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wanachama wa NACWOLA, chama cha akina mama wanaoishi na virusi vya UKIMWI, walianza kuwaandalia watoto wao vitabu vya kumbukumbu. Waliandika humo habari za ukoo, mahali mtoto alipozaliwa, alivyokuwa akiitwa utotoni, na pamoja na maneno wakatia picha. Dawa zilikuwa bado ni za wachache, na wengi wao hawakutazamia kuwaona watoto wakikua. Walijua kwamba mtoto ataweza kuishi bila vingi, lakini atataka kujua uso wa mama yake ulikuwaje.

Sisi tulio wazima hatuna haja ya kungoja ugonjwa. Jumamosi hii, kabla ya kununua fremu mpya, pitisha macho ukutani kwako na ujiulize ni picha ipi ambayo haina ya pili. Anza na hiyo. Ipige nakala leo, kisha igeuze taratibu uangalie mgongo wake: kuna hadibodi inayoigusa, kuna doa la selotepu, kuna njia ya mchwa? Mwite binti yako akusaidie kukunja vile vipembe vinne, na mkiwa mnakunja mwambie huyo aliye pichani ni nani, na alipenda kula nini.